Kisemeo cha Mama Leokadia

1

Kisemeo kiliungua jioni ya Jumatano, Skolastika Mapunda akiwa amepiga magoti mbele yake kama alivyozoea. Alibonyeza kitufe cha kuwashia, akasikia mlio mfupi mkavu, kama punje ya mahindi inayopasuka kwenye kikaango, kisha moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kompyuta na harufu ya plastiki ikajaa sebule nzima. Taa ya juu ikafifia, ikarudi. Kompyuta haikuwaka.

Alichomoa waya ukutani, akabaki amekaa palepale sakafuni. Baadaye alimgeukia mama yake, aliyeegemezwa kwa mito kwenye kitanda cha pembeni ya dirisha, kofia ya nyaya ikiwa tayari imemkaa kichwani.

"Subiri kidogo, Mama. Nafikiri umeme umetuchezea."

Mama Leokadia hakujibu. Bila kisemeo hakuwa na namna ya kujibu. Kiharusi kilimwachia pumzi, masikio, na uwezo wa kumeza uji ukinyweshwa taratibu. Mengine yote kilichukua. Hata macho hayakuwa ya kutegemea. Daktari alijaribu kumfundisha kupepesa mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, lakini kope zilipepesa zilivyotaka zenyewe. Kilichobaki kizima kilikuwa ndani, na njia pekee ya kukifikia ilikuwa ile kofia, ile kompyuta ya mezani, na spika ndogo iliyowekwa juu ya kabati.

Kofia ilisikiliza ubongo. Kompyuta iligeuza ilichosikia kuwa maneno. Spika iliyatoa kwa sauti ya Mama Leokadia mwenyewe, iliyoundwa kutokana na salamu alizokuwa akimtumia binti yake kwa simu zamani, alipokuwa mzima. Watu waliokuja kumsikia mara ya kwanza walitokwa na machozi. Waliorudi mara ya pili na ya tatu walianza kutafuta sababu za kutokuja, kwa maana kisemeo hakikuchagua. Lolote lililompita mgonjwa akilini kililitoa. Huyu kaja mikono mitupu. Huyu ananuka kikwapa. Mume wake ana mwanamke Mbinga, mwenyewe hajui. Mara moja kilisema hayo ya Mbinga mbele ya mwenye mume, na tangu siku hiyo nusu ya wanajumuiya wa kanisani wakawa wanasalimia wakiwa barabarani.

Skolastika hakuwa na barabara ya kusimama. Yeye alikuwa ndani, mwaka wa pili sasa, akisikia kwamba uji ni mwepesi, kwamba mikono yake imekuwa migumu, kwamba mdogo wake Gaudensi angekuwepo angemgeuza vizuri zaidi. Alisikia na mapenzi pia. Yalikuja katikati ya mengine bila taarifa, akiwa ameinamia beseni, na yalimchosha kuliko lawama. Katika miezi ya karibuni kisemeo kilikuwa kimeanza kutaja watakatifu. Asubuhi hadi jioni, jina baada ya jina, utuombee, utuombee. Skolastika alidhani akili ya mama yake imeanza kuondoka.

Asubuhi ya Alhamisi alichukua bisibisi, akaifungua kompyuta. Alikuwa amefundisha somo la kompyuta sekondari mpaka alipoomba kuacha kazi ili amuuguze mama, kwa hiyo alijua pa kuanzia. Alichomoa nyaya zote za pawasaplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuupunguza kwa ajili ya viungo vingine. Akakunja klipu ya chuma ya kubania karatasi, akaunganisha nayo waya wa kijani na mweusi, akachomeka ukutani. Pawasaplai nzima ingezungusha feni yake. Hii haikujitikisa.

Alipiga simu kliniki. Dada wa mapokezi alimwambia kwa upole kwamba kompyuta za akiba zimekwisha na mpya hazitengenezwi. Hilo Skolastika alilijua. Watu wote walikuwa wameshahamia kwenye simu na mitambo ya mbali, lakini sheria ya faragha ya fikra ilikataza chombo chochote kinachosoma ubongo kisiguse mtandao hata mara moja. Ndiyo maana wagonjwa kama Mama Leokadia walipewa masanduku haya ya kizamani, yanayojitegemea, yaliyokusanywa kutoka maofisini na mashuleni. Likiharibika, unangoja la mtu aliyefariki.

"Naelewa," alisema Skolastika, akakata.

Alipokuwa akifungua skrubu za nyuma ndipo alipokiona kile kitufe chekundu. Kilikuwa kidogo, kimezama ndani ya tundu lake, cha kusukumwa kwa ncha ya kitu. Kazi yake ni kuiambia pawasaplai itegemee umeme wa nguvu gani. Umeme wa Songea, kama wa nchi nzima, ni wa volti mia mbili thelathini. Kitufe kilikuwa kwenye mia moja kumi na tano. Yaani kisanduku kiliandaliwa kwa nusu ya mzigo, kikabebeshwa mzigo mzima.

Kitufe kile hakijisogezi. Yeye mwenyewe aliwaonya wote wanaoingia nyumba ile: kile chekundu cha nyuma msikiguse, kikigeuzwa tu mashine inaungua.

Wiki hiyo wageni walikuwa wawili. Mama Kandida, shoga wa mama yake tangu usichana, aliyekuja kila Jumatano na ambaye hata redio aliiogopa. Na Gaudensi, mdogo wake wa mwisho, aliyefika Jumapili kutoka Makambako na kuondoka Jumatano hiyohiyo alasiri, kisemeo kikiwa kimezimwa, bila kunywa chai.

2

"Dada, shikamoo. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Kisemeo kimeungua, Gaude."

"Kimeungua? Kimeunguaje?"

"Kitufe chekundu kimegeuzwa. Mtu kakigeuza."

Upande wa pili msumeno wa mbao ulikuwa unanguruma. Skolastika alisikia mlango ukifungwa na msumeno ukabaki kwa mbali.

"Kwa hiyo unaniuliza mimi."

"Ulikuwa unalala pale sebuleni."

"Nilikuwa nalala, ndiyo. Dada, mimi nilitoka hapo sina nguvu hata ya kufunga zipu ya begi. Nigeuze kitufe ili iweje?"

"Ulisikia alichosema."

"Nilisikia. Hata wanajumuiya walisikia, walikuwa wamejaa mpaka mlangoni." Akavuta pumzi. "Kaja kuona kama nimefika. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonipokea. Nimeendesha gari siku nzima, nimemletea asali, ananiambia nimekuja kuona kama amefika, kama ameshakufa."

"Basi ungekuwa na sababu."

"Ningekuwa nayo, sawa. Na wewe huna?"

Skolastika alikata simu. Hakuwa amekasirika. Alikaa akiangalia kioo cha simu mpaka kikazima chenyewe.

3

Stoo ya shule ilikuwa nyuma ya maabara, na funguo alikuwa nazo Mwalimu Haule, aliyeachiwa vipindi vyake siku alipoondoka. Haule alikuwa mtu mnene, mchangamfu, asiyependa vumbi. Alisimama mlangoni akijipepea na daftari la mahudhurio huku Skolastika akipekua masanduku ya kompyuta yaliyorundikwa hadi kwenye kenchi za paa.

"Mwalimu, umekonda," alisema Haule.

"Nimezeeka tu."

"Tumezeeka wote. Wewe umekonda."

Pawasaplai ya kwanza aliyoifungua ilikuwa na kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, zilizovimba vichwani kama mikebe ya maziwa yaliyochacha. Akaiweka kando. Ya pili ilikuwa safi. Aliijaribu kwa klipu yake. Feni ikasita, ikatema vumbi, ikazunguka. Akaweka kidole mbele ya upepo wake. Nyuma haikuwa na kitufe chekundu. Ilikuwa ya aina iliyotoka baadaye, inayotambua umeme yenyewe.

"Hiyo imepona?" Haule aliuliza.

"Imepona."

"Chukua. Hakuna mwanafunzi anayejua hata ni kitu gani." Alimsaidia kuipangusa, akijitahidi isimguse shati. "Na nyumbani kukoje sasa, bila ile sauti?"

"Kumetulia," alisema Skolastika.

Neno lilimtoka haraka kuliko alivyotaka. Haule alimtazama, kisha akatazama pembeni, akaanza kuhangaika na kufuli.

Kumetulia. Njiani kurudi alilitafuna neno hilo kama kitu kilichokwama menoni. Tangu Jumatano iliyopita alikuwa amelala usingizi mzima. Alikuwa amekula chakula na kukisikia ladha. Jana alimwogesha mama yake bila kuambiwa maji ni ya baridi, akajikuta anaimba kwa sauti ya chini, akanyamaza kwa aibu. Maji huenda yalikuwa ya baridi kweli. Hapakuwa na wa kumwambia. Mtu aliyelala kule dirishani alikuwa mzima kichwani, anawaza, anasikia, amefungiwa ndani, na yeye binti yake alikuwa anaimba.

Ndiyo maana alitembea haraka. Aliogopa kwamba akikaa na ile pawasaplai hata usiku mmoja hataifunga.

4

Alianza kuifunga alasiri hiyohiyo, Jumatano nyingine. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho kati ya nne za nyuma wakati Mama Kandida alipobisha hodi na kuingia. Alikuwa bibi mdogo wa mwili, kilemba kimefungwa vizuri, kifurushi cha ndizi mkononi. Siku nyingine angeenda moja kwa moja kitandani akamshika shoga yake mkono. Leo alisimama katikati ya sebule, macho kwenye kompyuta iliyo wazi.

"Umekipata," alisema.

"Shikamoo, Mama. Nimekipata."

"Marahaba. Kitawaka?"

"Kitawaka." Skolastika aliingiza plagi pana kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, akaisukuma mpaka kishikizo chake kikalia. Akachukua ile ndogo ya pembe nne, ya kulisha ubongo wa mashine, akaipenyeza chini ya nyaya. "Bado ya diski tu. Halafu nafunga nyaya zisiguse feni."

Mama Kandida aliketi kwenye stuli, ndizi mapajani.

"Usikiwashe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekigeuza."

Mkono wa Skolastika ulibaki ndani ya kompyuta. Alimtazama yule bibi, kisha akamtazama mama yake, ambaye macho yake yalikuwa darini kama kawaida.

"Wewe, Mama Kandida?"

"Kwa pini ya kilemba changu. Sikujua kitalia hivyo. Nilisikia baadaye kwamba kilikutolea moshi usoni, sikulala."

"Nimemsingizia mdogo wangu."

"Najua. Alinipigia, masikini, akauliza kama kuna fundi alipita. Ndiyo maana nimekuja kusema."

Alieleza polepole, akipanga ndizi zake upya na upya. Jumatano ile Skolastika alikwenda kuchukua dawa, Gaudensi akampeleka kwa gari, Leokadia na Kandida wakabaki wawili. Kisemeo kilikuwa kinataja watakatifu. Ghafla kikaacha. Kikasema: kitufe chekundu.

"Nikadhani anakumbuka tu unavyotuonya. Kikasema tena. Kitufe chekundu, Kandida, geuza. Nikamwambia, Leokadia, wewe si unajua kitaungua? Akaendelea na hilohilo. Hakuchanganya na jingine. Jasho likaanza kumtoka hapa kwenye paji. Wewe unajua anavyopata shida kushika wazo moja, linamponyoka kama sabuni. Siku hiyo alilishika mpaka uliporudi. Ukamzimia mashine apumzike, ukaingia jikoni. Nikachomoa pini."

"Angeniambia mimi. Miaka yote hii, angeniambia mimi."

"Ungekizima? Ungekizima ukajua yuko humo ndani peke yake?"

Skolastika aliuvuta mkono kutoka ndani ya kompyuta.

"Na wale watakatifu," Mama Kandida aliendelea, "ulidhani anasali? Leokadia hakuwahi kuwa mtu wa sala ndefu. Nilimuuliza, kikanijibu kabla hajaweza kujizuia. Anajificha. Ukiwa unataja majina huwezi kuwaza mengine. Anayataja ili wewe usisikie."

"Nisisikie nini?"

"Hilo sikuambiwa. Na ningeambiwa nisingekuambia, maana yeye hakutaka." Alinyanyua macho. "Mtu akiwa na mdomo, mwanangu, anawaza mia anasema moja. Yeye anasemwa yote. Mimi ningekuwa nimeshakufa kwa aibu."

Nje mtoto wa jirani alipita akiendesha ringi la baiskeli kwa fimbo. Skolastika alisikiliza mpaka sauti ile ikaishia mbali. Kisha akachomeka waya wa diski, akafunga nyaya kwa kamba, akarudisha mfuniko. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Yeye alikuwa anawaza jambo moja: kama Mama Kandida angemwambia kwamba mama anaitaka sauti yake, angeiwasha kwa moyo mzito lakini bila shaka. Kilichomtia shaka ni kwamba alichoambiwa ndicho alichokitamani mwenyewe tangu Alhamisi. Alikuwa ameletewa ukimya, na ruhusa juu yake.

"Nitajuaje kwamba ndivyo anavyotaka?" aliuliza. "Siyo kwamba nakukatalia. Lakini nitajuaje?"

"Muulize," alisema Mama Kandida.

Walitazamana. Bibi yule alielewa kabla hajamaliza kufumba mdomo, akatikisa kichwa. Hapakuwa na njia ya kumuuliza Leokadia kama anataka kuzimiwa ila kwa kumwasha.

5

Alimwomba Mama Kandida akae barazani, akafunga mlango na dirisha. Alimpaka mama yake mafuta ya kofia sehemu zile zilizonyolewa, akamvika, akakaza mkanda chini ya kidevu. Kisha akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Mama, Kandida ameniambia. Nakiwasha mara moja tu, nikuulize neno moja. Ukinijibu nitazima. Na mengine nitakayosikia, nisamehe mapema."

Alibonyeza. Pawasaplai ilinguruma kidogo, taa ya kijani ikawaka, feni ikashika mwendo. Ilichukua muda mashine kuamka. Alijikuta anaomba isiamke.

"Kimewaka," ilisema sauti ya mama yake kutoka kabatini. "Kandida kasema. Mdomo wa Kandida. Kiu. Mtakatifu Agnesi, Mtakatifu Sesilia. Skola kakonda. Mtakatifu Lusia. Shingo imepinda huku."

Skolastika aliinyoosha shingo, akarekebisha mto.

"Mama, unataka nikizime?"

"Zima. Asizime. Humu kuna giza. Zima. Nitabaki peke yangu humu, zima, analia jikoni, anafungulia maji ya bomba anadhani sisikii, Mtakatifu Agata, Mtakatifu Agata, asisikie hilo, mwanangu analia kwa ajili yangu, Agata, kasikia. Kasikia tayari. Uji ulikuwa mzuri leo. Asizime. Zima."

Skolastika aliuma kidole chake cha shahada. Alikuwa amelia jikoni siku nyingi, ndiyo, bomba likiwa wazi, na alijua kwamba hakuna aliyemsikia. Alijua hivyo kwa sababu kisemeo hakikuwahi kulitaja hilo, na kisemeo kilitaja kila kitu.

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa linazungushiwa watakatifu.

Sauti iliendelea. Zima, usizime, yakifuatana kama miguu miwili ya mtu mmoja. Waliotengeneza kile chombo walimpa mgonjwa kila kitu ila kile ambacho kila mzima anacho bila kukifikiria: ile nukta ndogo kabla ya neno, ambapo mtu anajitazama ndani, anaokota hili na kuliacha lile. Yaliyotoka kwenye spika yalikuwa ya Mama Leokadia kweli. Lakini hakuna hata moja alilokuwa amelisema. Pengine tangu apewe sauti hii alisema mara moja tu, Jumatano ile, alipolishika neno moja mpaka jasho likamtoka.

"Mama," alisema Skolastika. Alimshika mkono. "Sina haraka. Waza yote, mimi sihesabu. Ukiwa tayari, niambie moja."

Alisubiri. Yalipita mashamba ya kahawa ya Mbinga, mazishi ya baba yake, mwasho wa mgongo, jina la mtoto aliyefariki akiwa mchanga ambaye nyumba ile haikuwa ikimtaja. Skolastika alitamani kuziba masikio, akaona ni heri kuangalia mkono alioushika, akahesabu mishipa yake. Kisha majina yakaanza kupungua. Paji la uso la mama yake likaanza kung'aa.

"Skola," ilisema sauti.

"Nipo, Mama."

"Skola. Zima." Feni ilivuma. "Niachie yangu. Zima. Niachie yangu. Zima."

Hakuchanganya na jingine. Ilipofika mara ambayo Skolastika hakuweza tena kujidanganya, alinyoosha mkono akabonyeza kitufe na kukishikilia mpaka feni iliposimama. Sauti ilikatika katikati ya neno. Hakujua lilikuwa neno gani.

Alimvua kofia, akaleta maji ya vuguvugu, akamwosha mafuta kichwani. Alipomaliza alifungua mlango na kumwambia Mama Kandida aingie. Yule bibi hakuuliza. Alimenya ndizi, akaiponda kwa kijiko, akaanza kumlisha shoga yake akimsimulia nani ameolewa na nani ameachika, na Leokadia akasikiliza, au hakusikiliza, mwenyewe tu akijua.

Skolastika hakupata amani aliyoitarajia. Alichopata ni swali jipya ambalo angelala nalo na kuamka nalo: na akibadilisha mawazo? Kesho, au mwezi ujao, mama yake anaweza kuwa mle ndani anapiga ukuta, anataka kutoka, na binti yake anapita na beseni akidhani anatii.

6

Gaudensi alifika Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, ameendesha gari tangu alfajiri. Skolastika alikuwa amemwomba radhi kwa simu, akamwambia habari za Mama Kandida na za kisemeo. Alidhani ameelewa. Lakini alipoingia, baada ya kumbusu mama yake kwenye paji la uso, alikwenda kusimama mbele ya kompyuta.

"Ni nzima hii?"

"Ni nzima."

"Ukibonyeza inawaka."

"Inawaka."

"Na kofia hii hapa." Aliigusa. "Dada, nipe dakika tano tu. Nataka kusikia kama amenisamehe. Sitauliza jingine."

"Siiwashi, Gaude."

"Nitaiwasha mimi."

Skolastika alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa ulezi. Mwaka jana angemrukia. Sasa hakuwa na nguvu ya kumzuia mtu, na alimwambia hivyo. "Washa. Sitakushika mkono. Lakini alinikataza mimi, na wewe nimekuambia."

Gaudensi aliweka kidole juu ya kitufe. Alikuwa na vidole vinene vya mtu wa mbao, kimoja kimekatika ncha.

"Alisema nimekuja kuona kama amefika," alisema bila kugeuka. "Nitaishije na hilo?"

"Lilimpita akilini. Hata mimi lilinipita. Siku ile ulipopaki gari hapo nje, nilikuwa nafua, nikawaza, huyu kaja kuona kama mama amefika."

Gaudensi aligeuka.

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Halafu nikaja nikakupokea begi, nikakuuliza za safari, na nilifurahi kukuona. Yote mawili yalikuwa ya kweli. Mimi nina mdomo, nikatoa moja." Aliweka ungo chini. "Ukiiwasha utasikia anachowaza. Kukuambia, hawezi kukuambia tena. Mimi nilimsikia akijaribu, Gaude. Ni kazi kubwa sana."

Kidole kilibaki pale. Skolastika hakungoja kuona. Alichukua ungo wake, akapita jikoni, akatoka uani ambako mkeka ulikuwa umetandikwa kivulini mwa ukuta. Alimwaga ulezi upande mmoja, akaketi upande wa pili, akaegemea ukuta uliokuwa bado na ubaridi wa asubuhi. Masikio yake yalitega feni. Hakuisikia. Alichosikia baada ya muda ni kiti kikivutwa kando ya kitanda, na sauti ya mdogo wake, chini kwa chini, ikianza, ikikwama, ikianza tena. Maneno hayakufika uani, naye hakuyatafuta.

Alijinyoosha kwenye mkeka. Kuku alisogelea ulezi, akadonoa, naye akamwacha. Mwili ulikuwa mzito kama nguo iliyolowa.

"Dada," Gaudensi aliita kutoka ndani. "Kile kijiko kidogo cha kumnyweshea kiko wapi?"

Skolastika alijua kilipo. Alifumba macho, akamsikia mdogo wake akifungua kabati, akilifunga, akifungua lingine, akimwambia mama yao asubiri kidogo, kinatafutwa.